720,720 ni kigawe cha 7 au kigawo chake?

SWALI: Mwalimu, katika daftari la mwanangu nimekuta sentensi "720,720 ni kigawo cha 7". Mimi nilifundishwa kwamba kigawo ni hiyo 7. Nani kakosea? Na namba yenyewe tuisomeje?

JIBU: Daftari limekosea. 7 ni kigawo cha 720,720, na 720,720 ni kigawe cha 7. Tofauti yote imebebwa na irabu ya mwisho, na irabu hiyo haikuwekwa ovyo.

Tazama mshindi na mshinde. Mshindi ameshinda, mshinde ameshindwa. Mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa. Katika nomino hizi, -e humtaja aliyetendwa, kwa hiyo kigawe ni kile kinachogawanywa. Nayo -o mara nyingi hutaja kitu cha kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba, kigawo hugawa. Mtoto akichanganya, usimkaririshe. Muulize tu: hapa nani anagawa, nani anagawanywa?

Nafurahi kwamba mfano ni namba hii, maana inaonyesha jinsi kosa lilivyo kubwa. 720,720 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika cha namba zote kuanzia 1 hadi 16. Ukiacha sifuri, hakuna iliyo ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote hizo bila baki. (Hayo maneno "bila baki" msiyaache. Hata 720,721 unaweza kuigawanya kwa 7, ila inabaki 1.) Vigawo vyake ni 240. Vigawe vyake havina mwisho: 1,441,440, kisha 2,162,160, na kuendelea. Anayebadilisha irabu amebadilisha hesabu yenyewe.

Na hiyo 7 imejificha wapi? Angalia namba inavyoandikwa: 720, halafu 720 tena. Kuirudia namba ya tarakimu tatu namna hiyo ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Basi hata 358,358 inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Mpe mwanao achague tarakimu tatu anazozitaka yeye, azirudie, kisha agawanye mwenyewe.

Ukiivunja 720,720 hadi mwisho unapata vigawo tasa sita, yaani visivyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa vyenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na 13, huku 2 ikijirudia mara nne na 3 mara mbili. Neno tasa hapa hunisumbua kidogo. Tasa ni asiyezaa, lakini namba hizi ndizo zinazozaa nyingine kwa kuzidishana! Hata hivyo limeshazoeleka, nami silipingi.

Kuhusu kusoma: sema "laki saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini". Usianze na "elfu mia saba na ishirini", kwa sababu ukiishia hapo, msikilizaji mmoja ataandika 720,000 na mwingine 700,020, na wote wawili watakuwa wamekusikia vizuri. Laki ikitangulia, kila tarakimu inajua mahali pake.