Maswali Yenu: Diwani Mpya na Barabara Isiyo Yake

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa madiwani wanaoanza, na kwa wananchi wanaowadai. Tumezifupisha.

Niliahidi barabara ya mtaa wetu itachongwa kabla ya masika. Mkurugenzi ananiambia niende TARURA. Mimi ni diwani wa jiji na barabara imo ndani ya jiji. Ananizungusha? (Diwani mpya, Kanda ya Ziwa)

Hakuzungushi, Mheshimiwa. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa na vijijini zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali, na zile kuu na za mikoa ziko TANROADS. Maji ya mjini yana mamlaka yake, ya vijijini yako RUWASA tangu 2019. Halmashauri imebaki na majengo na madawati ya shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, taka, mipango miji na leseni za biashara. Kwa bahati mbaya mwananchi humpima diwani kwa barabara na maji kwanza, yaani kwa yale mawili ambayo baraza lake haliyaendeshi.

Usiende kwa meneja wa TARURA wa wilaya mikono mitupu. Ipite barabara yote na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mpime urefu hata kwa kisomeo cha bodaboda, na mwandike kila mahali maji yanapokata njia. Ukifika, swali la kwanza liwe hili: barabara hii imesajiliwa? Isiyo kwenye orodha ya mtandao wa wilaya haipangiwi fedha, hata ikipitwa na magari mia kwa siku. Kama haimo, anzeni na muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata unaoomba isajiliwe, na mmalizane mapema na waliosogeza kuta na vibanda hadi njiani, kwa sababu greda haligeuki kwenye uchochoro.

Kuhusu ahadi yenyewe: kuchonga kilomita tatu bila mitaro ni kulimia mvua. Maji yatapita katikati ya barabara iliyolainishwa, na baada ya masika moja mtarudi kwenye makorongo yale yale. Ukiulizwa uchague, chukua kalavati mbili na mitaro pale panapokatika, uache kuchonga kusubiri. Wapiga kura watanung'unika kwa sababu kalavati haionekani kama greda, lakini gari la mgonjwa litapita. Baraza linaweza pia kutenga sehemu ya mapato ya ndani kwa barabara, ila kazi itasimamiwa na TARURA vilevile.

Kata yangu haina hata mradi mmoja kwenye bajeti ya mwaka huu. Nimepiga kelele barazani, nimeambiwa nisubiri. Nisubiri nini? (Diwani wa kata ya pembezoni mwa jiji)

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kelele za Mei na Juni zimechelewa, maana bajeti ya halmashauri hupita barazani Januari au Februari, ikaenda mkoani, TAMISEMI na Hazina, kisha Bunge likaijadili kuanzia Aprili. Mitaa inapaswa kuibua vipaumbele vyake karibu Oktoba, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ivipitishe ifikapo Novemba au Desemba. Kamati hiyo mwenyekiti wake ni wewe, na mtendaji wa kata ni katibu. Muhtasari ukikosekana, lawama mnagawana.

Peleka vipaumbele vitatu. Kata zinazopeleka kumi na tano huachia wataalamu wachague kinachowafaa, na hawakosei kisheria wakifanya hivyo, kwani ukomo wa bajeti hauwezi kubeba kumi na tano. Chenye nafasi nzuri zaidi ni boma, yaani jengo lisilokamilika, ambalo wananchi wamelifikisha kwenye lenta. Viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni vimekuwa kama Sh milioni 12.5 kukamilisha boma la darasa moja na Sh milioni 50 kwa boma la zahanati, wakati darasa jipya kuanzia msingi lilipangiwa Sh milioni 20 mwaka 2021 na limepanda tangu hapo. Ila mhandisi wa jiji alikague boma kabla hamjaliombea fedha. Kuta zilizojengwa kwa tofali dhaifu au bila mkanda wa zege huvunjwa, na nguvu za wananchi zikivunjwa mara moja, kuzipata tena ni kazi.

Baada ya hapo mwombe mchumi wa jiji akuonyeshe mradi wako ndani ya PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti: mstari wake, kiasi, na chanzo cha fedha. Chanzo ndicho penye mtego. Miradi ya kata zisizo na mtetezi hupenda kuegeshwa kwenye "mapato ya ndani", huku makisio ya mapato hayo yamevimbishwa. Chukua makusanyo halisi ya miaka mitatu iliyopita uyaweke kando ya makisio. Kama jiji limekuwa likikusanya bilioni 7 na sasa limekisia 10 bila chanzo kipya, bilioni 3 ni hewa, na mradi wako huenda umekaa juu ya hewa hiyo. Sehemu ya mapato ya ndani lazima iende kwenye maendeleo, na halmashauri zenye makusanyo makubwa hutakiwa kutenga zaidi. Lakini asilimia ya makusanyo pungufu nayo ni pungufu. Desemba ikiisha na makusanyo hayajafika karibu nusu ya makisio, uliza palepale ni miradi gani itakatwa. Usingoje Juni kuambiwa.

Kabrasha la kikao lisikutishe kwa unene. Anza na taarifa ya mapato na matumizi, kisha hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ambazo hazijafungwa, kisha "yatokanayo" na kikao kilichopita. Kwenye yatokanayo ndiko maazimio yanakozikwa kwa maneno matatu: "suala linaendelea kushughulikiwa". Ukiyaona, simama uulize nani anashughulikia, kwa fedha ipi na hadi tarehe ngapi, na udai majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Diwani mkali asiyeandikwa, robo inayofuata anaanza upya.

Mkandarasi wa taka anapita barabara ya lami tu. Huku bondeni anakuja mara moja kwa wiki mbili, halafu ada anadai. Diwani wetu anasema jambo hili si lake. (Mama wa nyumbani, Dar es Salaam)

Hili ni lake kabisa, dada. Mkandarasi wa taka yuko chini ya halmashauri, na mkataba wake uko kwa mkurugenzi. Sababu ya anachofanya ni ya kihesabu. Pale anapolipwa kwa ada anazokusanya mwenyewe nyumba kwa nyumba, faida iko kwenye mitaa ambayo lori linaingia na watu wanalipa kwa wepesi. Bondeni kunahitaji mikokoteni, vibarua na mahali pa kukusanyia taka kabla ya lori, na safari ya lori hadi dampo la Pugu Kinyamwezi si fupi. Mafuta yakipanda, wanaokatwa kwanza ni ninyi.

Andikeni daftari la mtaa kwa wiki sita: tarehe ambazo lori lilikuja, saa, na mitaa iliyorukwa. Mwenyekiti wa mtaa asaini kila wiki. Diwani alipeleke kwenye kamati inayoshughulikia mipango miji na mazingira pamoja na maombi mawili: ratiba iliyomo kwenye mkataba, na rekodi za lori kufika dampo. Vitatu hivyo, daftari, ratiba na rekodi, vikiwekwa mezani pamoja, mkandarasi hana pa kujifichia, na halmashauri ina msingi wa kumwandikia onyo au kuuvunja mkataba. Kususia ada bila daftari kuna hatari yake: mnaweza kufikishwa mbele ya vyombo vya sheria kwa sheria ndogo ya usafi, na huko daftari ndilo lingewatetea.

Diwani aliahidi kutufutia ushuru wa huduma. Mbona bado tunadaiwa? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi)

Hana uwezo huo. Ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ya mauzo baada ya kutoa VAT, umo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na sheria ya Bunge haifutwi na baraza. Unachoweza kupinga ni makadirio: leta ritani zako za VAT, kwa sababu bila karatasi afisa mapato atakukadiria kwa macho. Lipa kwa kontroo namba tu.

Kikundi chetu cha vijana watano tumeambiwa tupite kwa diwani ili tupate mkopo wa asilimia 10. Ni kweli? (Kijana, Nyanda za Juu Kusini)

Pitieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Fedha hizo hutoka kwenye mapato ya ndani baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na hazina riba. Mnahitaji usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na mchanganuo wa biashara unaoonyesha marejesho ya kila mwezi. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa ukaguzi mkali zaidi, kwa hiyo maofisa watakuja kuona biashara yenyewe. Jina la mwanachama mmoja likionekana kwenye vikundi viwili, ombi linakwama hapo. Diwani anaweza kuuliza barazani kwa nini kata yake haijapata hata kikundi kimoja. Akiwaomba "chochote" kwa ajili ya saini yake, ripotini TAKUKURU kwa namba 113, haina malipo.