Sefu ya bunduki kwa mwenye mfuko mdogo: niliyojifunza baada ya kununua mara mbili

Sefu yangu ya kwanza ilifunguliwa na shemeji yangu kwa ngumi. Sitanii. Alikuja kunitembelea, akaiona juu ya kabati la nguo, ndogo, nyeusi, ina vibonye vya namba vinavyowaka taa ya bluu, akauliza humo mna nini. Nikamwambia bastola. Akainyanyua kwa mkono mmoja (hapo tu nilitakiwa nishtuke), akaiweka mezani, akaanza kuigonga kwa juu huku mkono wa pili ukizungusha kitasa. Mara ya tatu mlango ukaachia. Akanirudishia huku anacheka, mimi nimeduwaa.

Shemeji alifanya kazi ya vitasa miaka mingi, kwa hiyo alijua anachokifanya. Kwenye sefu nyingi za namna ile, kinachozuia kitasa kisizunguke ni kipini kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi na kuvutwa na sumaku ya umeme ukibonyeza namba sahihi. Mtikiso ukikipata vizuri, kipini kinaruka chenyewe, na kufumba na kufumbua kitasa kimeshazunguka. Fedha niliyotoa ilikuwa ya vibonye na ile taa.

Tangu siku hiyo nimenunua nyingine, nimesaidia ndugu wawili kununua zao, na swali ninaloulizwa ni lile lile: ya bei nafuu ipi nichukue? Sitakutajia chapa. Nitakwambia fedha kidogo uliyonayo uielekeze wapi, na wapi usiipoteze.

Kabla ya dukani, pita kwenye masharti ya leseni yako. Nchi nyingine zinasema tu silaha ifungiwe. Nyingine zinataja hadi kiwango. Ujerumani, kwa mfano, tangu Julai 2017 mtu anayenunua sefu mpya ya silaha lazima achukue yenye daraja 0 au zaidi ya kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1. Ukinunua kwanza ukasoma sheria baadaye, unaweza kujikuta una kabati zuri la kuwekea viatu.

Halafu tuelewane kuhusu neno lenyewe. Sefu ya bei nafuu haimshindi mwizi mwenye grinda na usiku mzima mbele yake. Unachonunua ni dakika. Alama inayoonekana sana kwenye sefu za nyumbani kule Marekani ni RSC, yaani kasha la usalama la nyumbani, ya UL, shirika la huko linalopima usalama wa bidhaa, na ngazi yake ya kwanza maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye zana za mkono alihangaika nayo kwa dakika 5 akashindwa kuingia. Dakika 5 tu. Usizidharau, maana mwizi wa nyumbani huwa na haraka, na sefu nyingi za bei ya chini hazina hata hiyo alama. Ila kwangu mimi mwizi hakuwa hata wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza ni mtoto, wa pili rafiki wa mtoto, wa tatu ni mtu mzima yeyote wa humo ndani, mimi mwenyewe nikiwemo, siku ambayo hasira au huzuni imempanda kichwani. Kwa hao wote dakika chache ni kitu kikubwa sana.

Sasa chuma. Wauzaji wanapenda kukuonyesha mlango, kwa sababu mlango ndio mnene. Wewe uliza ubavu. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na geji huwachanganya watu kwa kuwa namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 18 ni kama milimita 1.2, hilo nyundo na tindo vinalichana. Geji 14 ni karibu milimita 1.9, geji 12 ni 2.7 hivi, geji 10 ni 3.4. Kwa mwenye fedha kidogo ningesema usishuke chini ya milimita 2, na ukipata 2.7 chukua hata kama rangi yake haikupendezi.

Usiamini karatasi iliyobandikwa. Ingiza mkono ndani, inua zulia la chini, tafuta matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya bolti. Kwenye ukingo wa tundu unaliona bati lilivyo, halina pa kujificha. Dukani nilibeba rula ya shuleni ya binti yangu. Sefu moja iliyoonekana kama ukuta wa benki, ubavu wake kuugusa umejaa kabisa, kumbe ni bati la milimita moja na ushee, kisha bodi ya jipsamu, kisha zulia. Muuzaji alinitazama kama ninamchokoza.

Idadi ya nondo za kufungia mlango nayo ni chambo. Nimeona mlango wenye nondo 10 zilizoshikiliwa na kipande cha bati unachoweza kukipinda kwa koleo. Nondo 4 nene zilizokaa kwenye fremu imara zinashinda. Funga mlango, ushike, uutikise. Mlango ukicheza sana, mtaimbo utapata pa kuingilia. Bawaba za nje, zinazowatisha wengi, mimi hazinitishi. Cha kuangalia ni kama upande wa bawaba mlango una ulimi au nondo inayoingia ndani ya fremu. Ikiwepo, hata bawaba zikikatwa mlango haung'oki.

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo karibu kila mtu anapofanya uvivu: kuifunga sakafuni. Kasha la kilo 60 au 70 watu wawili wanalibeba bila jasho. Mwizi hana haja ya kulifungulia kwako. Analipakia, analifungulia kwao kwa raha zake. Bolti nne za zege zinagharimu kidogo sana ukilinganisha na sefu, na zinaongeza usalama kuliko mtindo wa gharama zaidi uliotaka kukopea fedha.

Sefu yangu ya pili ni ndefu ya kusimama. Niliisogeza ilipo sasa, nikaingiza penseli kwenye matundu nikachora alama, nikaitoa, nikaanza kutoboa. Drili ya kawaida ililia tu bila kuingia. Ikabidi niazime ile inayotoboa huku ikigonga. Tundu la kwanza nililipuuza, sikutoa vumbi, bolti ikawa inazunguka tupu kama jino la mzee. Tundu la pili nikalipuliza kwa mrija, nikalisugua kwa mswaki wa zamani, nikapuliza tena, bolti ikauma hadi sefu ikalia kidogo. Kabla ya kutoboa ulizia mabomba na nyaya zinapita wapi. Na kama sakafu yako ni ya mbao, tafuta boriti zinazobeba mbao hizo. Bolti iliyoshika ubao mtupu hung'oka nao.

Uchaguzi wa kona nao una hesabu yake. Mtaimbo huingia upande wa kitasa, kisha unahitaji nafasi ya kuusukuma. Kwa hiyo upande wa kitasa ndio uubananishe na ukuta, sio upande wa bawaba. Pima kwanza kama mlango utafunguka vya kutosha. Mimi nilipima baada ya kukaza bolti mbili, sitaeleza zaidi.

Kitasa. Kwa bei ya chini, ningechukua kitasa kizuri cha ufunguo kuliko vibonye vibovu. Cha namba za kuzungusha hakihitaji betri na hudumu miaka mingi, ila kinachelewesha ukiwa na haraka na si rahisi kukipata kwenye sefu za bei nafuu. Vibonye ni vyepesi kutumia, lakini hakikisha betri unaweza kuzibadilisha kwa nje, badilisha namba iliyotoka nayo kiwandani siku hiyo hiyo, na ufute vibonye mara kwa mara, maana mafuta ya vidole yanaonyesha namba zako nne kama yameandikwa kwa chaki. Mwaka wa kuzaliwa mtoto wako, mtoto wako anaujua.

Kuhusu alama ya kidole nina wasiwasi, nao si wa kubuni. Marekani, kuanzia mwaka 2023, maelfu kwa maelfu ya sefu za namna hii zilitangazwa zirudishwe kwa sababu zingeweza kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Zilitoka kiwandani zikiwa tayari kukubali kila kidole, na mwenye nayo akidhani amesajili chake kumbe hakusajili sawasawa, sefu iliendelea kumkaribisha kila mtu. Mwenye nayo angejuaje, ikiwa kila akiweka kidole chake inafunguka? Ukinunua ya hivyo, ukishasajili ita watu watatu nyumbani, kila mmoja ajaribu vidole vyote kumi. Jaribu pia na chako kikiwa na mafuta au jasho, uone kama unakubaliwa.

Na ikiwa dukani wanakuruhusu, igonge. Hasa ndogo za bastola. Muuzaji anayekataa katakata ameshakujibu.

Moto: hapa sema ahsante uendelee na safari. Sefu nyingi za bei nafuu zinazojiita za kuhimili moto zimepimwa na aliyezitengeneza mwenyewe. Kinachofanya kazi mle ni ile jipsamu, ambayo karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani. Moto ukija, maji yanageuka mvuke na kupoza. Vizuri kwa hati za nyumba, lakini mvuke huo huo unaziogesha bunduki. Kama lazima uchague kati ya milimita moja zaidi ya chuma na neno "moto" mlangoni, chukua chuma, hati zako zitafutie kasha dogo la peke yake.

Kuhusu nafasi, wakikwambia inabeba bunduki 10, hesabu 5 au 6. Wanapima bunduki nyembamba zilizosimama kichwa kwa miguu, hazina darubini wala mkanda. Nenda na urefu wa bunduki yako ndefu kuliko zote umeuandika.

Kutu ilinifundisha adabu. Bunduki ya marehemu baba niliiingiza kwenye sefu mpya ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa heshima, nikafunga, nikakaa miezi minne bila kuigusa. Nilipoitoa, mtutu ulikuwa na mstari wa kahawia upande mmoja tu, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, pale pale mshono wa mfuko ulipolalia. Ngozi hunyonya unyevu na kuushika. Niliusugua kwa mafuta na pamba ya chuma laini jioni nzima. Rangi ikatoka, alama ikabaki. Bunduki ikae wazi ndani ya sefu, imepakwa mafuta kidogo. Weka pakiti za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji, uzikaushe kwa moto mdogo uzirudishe. Kipima unyevu kidogo ni cha bei rahisi. Ukikiona kinapita asilimia 50 kwa siku nyingi, kuna kazi ya kufanya.

Risasi ziwe na kasha lao la kufunga, kwa ufunguo mwingine. Kwenye baadhi ya nchi ni sheria, na hata pasipo sheria ni hatua moja zaidi kati ya mkono na ajali. Bunduki iingie sefuni tupu, uwe umekagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, hata kama umeikagua dakika mbili zilizopita.

Sefu iliyotumika usiidharau. Nyingi ni nzito na nene kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Muhimu mlango ufunge bila kulazimishwa, pasiwe na mahali palipochomelewa upya, na fundi wa vitasa abadilishe namba au kitasa kabla hujaweka kitu. Hujui nani mwingine ana ufunguo. Na bei ya kuisafirisha iulize kabla hujapeana mkono na muuzaji, kwa sababu kilo 200 hazipandi ngazi zenyewe.

Limebaki la ufunguo wa dharura, ule unaokuja na sefu za vibonye. Mimi niliuficha kwenye droo ya chumbani, chini ya karatasi, nyuma ya boksi la vifungo. Nikaona nimefanya kazi ya maana. Jioni moja nikamtuma mwanangu wa miaka 7 aniletee kikata kucha. Akauliza kutoka kule kule ukumbini, hata kichwa hakukiinua: "Baba, kile kilicho karibu na ufunguo wa sefu?"

Siku hizi ufunguo huo uko kwa shemeji.