Kushoto au Kulia

Mwanangu,

Umeniuliza mkitoka Delhi kwenda Kathmandu mwezi wa kumi ukate kiti upande gani ili uione Himalaya. Kushoto. Ndege inaelekea mashariki na milima iko kaskazini, basi mtakuwa nayo mkono wa kushoto. Wakati wa kurudi, kulia. Chukueni ndege ya asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Usikae juu ya bawa, wala nyuma kidogo tu ya injini, maana joto lake hufanya kila kitu kitetemeke kama unakitazama juu ya moto. Na usimwahidi mtoto Everest. Iko mashariki ya Kathmandu, nanyi mnatokea magharibi. Zamu yenu ni Dhaulagiri, Annapurna na Manaslu, na yote mitatu imepita mita 8,000.

Lakini umeandika "kiti changu cha dirishani", na mko watatu. Tangu mkiwa wadogo nawaambia: dirisha ni la macho, si la tiketi.

Unajua nilimpeleka babu yako kutolewa mtoto wa jicho. Safari ya kurudi sijawahi kukusimulia. Bandeji ilikuwa imetoka siku chache nyuma, na alikuwa akisoma kila kibao cha uwanjani kwa sauti, mpaka vile vya chooni. Tukaingia ndani ya ndege, na mimi nikakaa dirishani kwa sababu ndivyo tiketi ilivyosema. Nilimuuliza, ndiyo. Akanijibu, "Kaa tu mama, hata hapa naona."

Tulipokuwa juu ya mawingu akaniinamia. Bega lake likanikandamiza, kofia yake ikagusa kioo, karibu na kile kitundu kidogo cha chini kinachozungukwa na barafu. Akasema, "Mama, kuna upinde wa mvua wa mviringo." Nami nikamjibu, "Baba, unanibana." Akarudi kitini kwake, akafumba macho. Macho yale!

Nilipochungulia, kivuli cha ndege yetu kilikuwa kinakimbia juu ya mawingu, kidogo kama nzi, na rangi zimekizunguka. Sikukitazama hata dakika moja. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba matone ya wingu huurudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana mviringo ule huonekana upande usio na jua. Na kitovu chake huangukia pale hasa alipoketi mtazamaji, kwa hiyo kila abiria ana wake. Wa babu yako ulikuwa umekizunguka kile kiti cha katikati.

Pengine hata ningemng'ang'aniza asingekubali. Alikuwa mtu wa kukataa kupewa. Lakini kuuliza ukiwa umeshakaa na mkanda umeshafunga ni kuuliza kweli? Najitetea, halafu najiona ninavyojitetea. Hakupanda ndege tena.

Haya. Jua mtakuwa nalo kusini, kwa hiyo kushoto ni pazuri mara mbili: halitawapiga machoni, na kivuli kitaanguka upande wenu. Mwambie mtoto asitazame milima tu, atazame na chini.

Nani akae wapi, sitaki kukuamulia. Mtoto anaweza kulala kabla hamjaondoka, na hapo dirisha ni la mwenzio, ambaye ameitamani milima hiyo kabla hata hamjaoana. Au wewe, kwani nawe umefanya kazi mwaka mzima. Sijui. Ila dirisha ni la macho. Tiketi yenye herufi A ina jina lako, sawa, lakini mkishaketi hakuna atakayewauliza mkibadilishana.

Mkifika, niandikie mtoto aliona nini. Na uniandikie alikuwa amekaa wapi.

Mama yako