Kwa wanagenzi wapya wanaotia fremu ramani za bahari

Juzi nimemkuta tena mwanagenzi ameinamia ramani ya zamani ya Admiralty ya Uingereza, iliyokuwa idara ya jeshi la majini, ile ya njia ya kuingilia Kilindini, raba mkononi. Nawapenda, vijana wangu, lakini uvumilivu wangu una mwisho.

1. Kabla ya kumtajia mteja mwaka, soma ukingo mzima. Kichwa hutaja upimaji, mstari wa chini hutaja uchapishaji wa kwanza, na bamba lilelile la shaba la kuchapia lilisahihishwa na kutoa nakala kwa miongo mingi. Umri wa karatasi yenyewe uko kwenye tarehe za masahihisho, kwa kawaida chini kushoto. Kapteni Owen alipima pwani yetu kwa meli za Leven na Barracouta kati ya 1822 na 1826, lakini jina lake peke yake haliifanyi karatasi kuwa ya enzi yake.

2. Msifute penseli. Hapa mimi mwenyewe naona haya. Mama mmoja aliniletea ramani ya marehemu baba yake, aliyekuwa baharia, nami nikaiona imechafuka: mistari kutoka minara ya taa, misalaba midogo, saa zilizoandikwa pembeni. Nikaketi jioni nzima nikiisugua kwa upole, nikijisifu, na sikuacha hata alama moja. Alipokuja kuichukua aliitazama kimya, kisha akaniuliza uko wapi msalaba ulio nje ya Ras Serani, ambao baba yake alimwonyesha alipokuwa mtoto, akimwambia kuwa hapo ndipo meli yao ilipongoja rubani wa bandari usiku kucha. Ukiielekeza karatasi kwa mwanga wa ubavuni ungeweza bado kuuona mkwaruzo wake. Nikajitolea kuuchora upya. Akasema, “Hapana, fundi, huo utakuwa mkono wako.” Alinilipa kamili, na laiti angenigombeza. Tangu siku hiyo brashi laini ya vumbi inatosha, na hata masahihisho ya mabaharia kwa wino wa zambarau nayaacha yalivyo.

3. Selotepu na pasi ni marufuku: shikizeni karatasi kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga.

4. Msikate ukingo ili ramani iingie kwenye fremu iliyokwisha tengenezwa. Hapo ndipo penye nambari, tarehe na vipimo vya latitudo ambavyo nahodha alipimia maili zake.

5. Kioo kisiguse karatasi, hasa kwa unyevu huu wa Mombasa, na ukuta unaopigwa na jua haufai.

6. Tarakimu zilizotapakaa baharini kwenye ramani hizi kuukuu ni vina vya maji, kwa kawaida kwa pima, na pima moja ni futi sita, karibu mita 1.83; ramani za Waingereza zilianza kugeuzwa kuwa za mita mwishoni mwa miaka ya 1960. Mmoja wenu alimhakikishia mwenye hoteli kwamba ni mita, naye akawasimulia wageni wake hivyo kwa fahari, mpaka nahodha mstaafu aliyekuwa akinywa chai chini ya fremu alipomwomba kwa adabu asimwongoze mtu yeyote kuingia bandarini.