Futa hiyo "chop-chop" kabla hujatuma

Mkuu, usitume. Umesema unataka kumwandikia msambazaji wako wa Guangzhou, China, "please send the documents, chop-chop", ukauliza kama maana yake ni haraka, kama kistari ni lazima, na linatofautianaje na "hurry up". Maana ni haraka, ndiyo. Hata mimi nilijua hivyo hivyo, na likanila.

Niliagiza hukohuko Guangzhou magauni ya watoto ya Idd, dazeni 60. Dada aliyekuwa akinihudumia kule alikuwa mtu wa maana: kila siku picha za katoni, kila meseji na kikatuni cha kaua pembeni. Zimebaki siku mbili kontena la kuchangia lifungwe, mimi kwa mbwembwe zangu nikamwandikia "Chop-chop, my dear!" na vikatuni viwili vya kupiga makofi. Makofi, wakuu! Kumbe bosi wa Kizungu akimwambia mtumishi neno hilo, makofi ndiyo kiitikio chake.

Akajibu "OK." Herufi mbili na nukta. Kaua hakapo. Picha zikakata. Kontena likaondoka bila mzigo wangu, magauni yakaingia Kariakoo siku 11 baada ya Idd. Gauni la kuuza 25,000 nikalisukuma kwa 9,000, na mengine mpaka leo yako uvunguni. Binti yangu ana nguo za sikukuu mpaka siku anaolewa, shida tu zote ni saizi ya miaka minne.

Kijana wa nyumbani anayesoma kule ndiye aliyenifumbua macho. Neno lilizaliwa palepale Guangzhou, enzi hizo Waingereza wakiiita Canton, kwenye Kiingereza cha kuungaunga cha bandarini cha karne ya 19. Limetoka kwenye neno la Kikantoni la haraka, na mabwana wa Kizungu wakalifanya la kuwaswagia wapagazi na wapishi wa Kichina. Mimi nimelibeba kutoka Kariakoo nikalirudisha kwao. Mfikirie mlowezi anamwambia mpishi wake "upesi, boi!", halafu leo mteja mgeni akutumie wewe hivyo hivyo WhatsApp, na kikatuni juu.

Na yule "ticha" aliyeniuzia PDF ya misemo 100 ya Kizungu kwa elfu tano! Mbele ya chop-chop kaandika "haraka, kwa upole". Upole upi? Nilipompigia akasema kosa ni langu, sikuweka "please". Wewe umeiweka, na haisaidii kitu. Ni kumpiga mtu kofi ukiwa umevaa glavu.

Kwa hiyo shika hili moja: neno la kuharakisha ambalo bosi anaweza kukwambia wewe ila wewe huwezi kumwambia bosi, usimwandikie mtu aliyeshika mzigo wako. Waingereza wanawatania nalo watoto wao wanaochelewa kuvaa viatu, sawa, ni watoto wao. Wewe mpe tarehe: "The container closes on Friday. Could you send them by Thursday?" Tarehe inakimbiza watu kuliko makofi.

Kistari weka, ndivyo wengi wanavyoliandika, japo sioni unakitakia nini kwa neno unalokwenda kufuta. Hiyo ya "hurry up" nitarudi. Kwanza niambie, imeili umeshaituma?