Tunaandikiana kutwa, tukipigiana simu kimya

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu yuko mbali kikazi. Tunatumiana ujumbe kutwa, ila tukipigiana simu hatuna la kusema. Simu imetutenga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiisingizie simu haraka. Mwaka 1998 mtafiti Robert Kraut na wenzake, Marekani, walihusisha matumizi ya intaneti na upweke, magazeti yakapiga kelele (kazi hiyo sisi wa magazeti tunaiweza!). Walipowafuatilia tena watu walewale, matokeo ya 2002 yalionyesha madhara hayo yamefifia.

Ninyi habari zenu mnazimaliza vipandevipande: “umekula?”, “nimefika”. Jioni kinabaki nini? Weka kiporo kisa kimoja kizima, umsimulie kwa sauti. Na akikujibu “sawa” tupu, mpigie. Maandishi hayakuonyeshi kama amenuna au ana kazi.