Inhela ya kuzuia pumu ndani ya Ramadhani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nabanika samaki huku Igombe, Mwanza, na nina pumu. Kliniki wamenipa inhela mbili: ya bluu ya kutuliza nikibanwa, na ya kahawia ya kuvuta asubuhi na jioni kila siku. Mama mkwe anasema ya kahawia niiache mpaka Idi, maana sijabanwa muda mrefu na itanifunguza bure. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Usiiache. Mama anaona kifua kimenyamaza, lakini kimenyamaza kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Njia za hewa za mwenye pumu huwa zimevimba ndani hata asipokohoa, na ya kahawia hupunguza uvimbe huo pole pole, siku baada ya siku. Ukiikata leo huenda usione kitu wiki nzima, halafu siku moja moshi wa tanuri ukakulaza chini. Ya bluu hufungua kifua kwa dakika chache, uvimbe wenyewe hauugusi.

Tuje kwenye swaumu. Watu wanaligombania jambo ambalo kwetu Mwanza limekwisha jitatua. Tuko karibu na ikweta: alfajiri ni kama saa 11:30, magharibi inakaribia saa 1, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Vuta ukimaliza daku kabla ya adhana, vuta tena ukishafuturu. Ni mara mbili zilezile ulizoandikiwa, na hakuna inayoangukia mchana. Kisha sukutua na uteme, dawa isibaki mdomoni ikakuletea utando mweupe.

Mjadala uko kwenye ya bluu. Sheikh Bin Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, wanazuoni wa Saudia, walisema haifunguzi. Wengine, hasa katika sisi tunaofuata Shafii, wanasema kila chenye umbo kikifika ndani kinafunguza. Mimi naelekea kwa wale wawili, ila mwenye shaka humwambia ailipe siku hiyo, moyo utulie. Hilo lakini ni la baadaye. Ukibanwa saa 8 mchana, vuta kwanza. Isiposaidia, hospitali haraka. Mgonjwa ameruhusiwa kula na Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184.

Siku utakazokula kwa ugonjwa utazilipa kabla ya Ramadhani ijayo, na huna kafara. Mama mkwe usimjibu wewe. Mpe mumeo amsomee haya.